Nilivyomuua Baba kwa Fomu ya Mkopo

Habari hii nimeikalia muda mrefu, na hata sasa nikiisimulia masikio yanapata moto. Watu wa mtaa wetu wa Nzuguni wanaijua, wote niliosoma nao mwaka ule wanaijua, na yule fundi cherehani wa kona ambaye siku yenyewe hakuwepo anaijua kuliko mimi (anaongezea na mambo ambayo hayakutokea, eti maiti ilitembea). Maiti haikutembea. Hapakuwa na maiti. Nilikuwepo mimi tu, Edina, binti wa miaka ishirini, niliyemuua baba yangu mzazi kwa kalamu ya wino wa buluu, halafu nikampikia maharage ya msiba wake.

Baba anaitwa Amosi Malogo. Aliondoka nyumbani, kule kijijini kwetu upande wa Mpwapwa, mwaka nilioingia kidato cha kwanza, akaenda Kibaigwa kubeba magunia kwenye soko la mahindi, na haukupita muda tukasikia kuna mwanamke anayempikia huko. Mama hakulia wala hakutukana. Siku moja tu, akiwa anachambua mlenda, alisema kwamba yeye huyo mtu ameshamzika, halafu akaniambia nimsogezee ungo. Tukahamia Nzuguni, mama akafungua genge lake la mlenda mkavu, dagaa na nyanya, na baba hakuwahi kukanyaga hapo. Kilichobaki kati yetu ilikuwa simu: kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, anapiga, anauliza kama wote ni wazima, anasema haya, anakata. Hela hata ya daftari hakutuma. Na mwaka ule niliomaliza kidato cha sita, baada ya simu ya mwezi wa nne, akaacha na kupiga. Mwezi wa tano kimya, wa sita kimya, ukimpigia hapatikani. Nilikasirika kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri, maana mtu anayekupa dakika mbili kwa mwezi, akizichukua na hizo, unaona kama amekuibia.

Basi matokeo yakatoka, nikafaulu, nikapata nafasi chuo hapa hapa Dodoma, na nyumba nzima (yaani mimi na mama) tukafurahi siku moja, siku ya pili tukaanza kununa. Genge la mlenda halilipi ada ya chuo. Bila mkopo wa serikali chuo ningekiona kwa nje tu nikipita barabarani, hilo nilikuwa nalijua, na mama alishaanza kusema kwa upole kwamba kuna mtu mjini anatafuta binti wa kuuza duka la vipodozi. Kila alipolitaja lile duka nilihisi kama mtu ananifungia mlango taratibu, ili nisisikie kitasa.

Fomu za mkopo mtaani kwetu zilikuwa zinajazwa kwenye steshenari ya kaka mmoja anaitwa Ipyana, mwenye kompyuta mbili na feni moja. Nilikwenda mchana wa jua kali, nikapanga foleni na vijana wenzangu wenye mafaili kifuani kama wagonjwa wa kliniki, na zamu yangu ilipofika Ipyana akaanza kuniuliza bila kuinua macho. Jina, shule, mama, kazi ya mama. Halafu akasema, "Baba?"

"Yupo," nikasema.

"Anakulipia ada?"

"Hapana."

"Kwenye simu anapatikana?"

"Hapatikani."

"Sasa huyo yupo wapi?"

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vocha. Kisha akanieleza kwamba waliofiwa na mzazi ndio wanaoangaliwa kwanza, na mwenye baba hai ataulizwa baba anafanya nini na kwa nini halipi, na wengine huambulia kipande kisichotosha hata chakula. Cheti cha kifo kisinisumbue, yeye ana mtu wake. Alihitaji vitu vitatu: siku, mahali na sababu. Ningeweza kusema hapana. Kinywa kilikuwa changu na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nadhani foleni ndiyo iliyonisukuma (mtu anaweza kufanya uovu mkubwa kwa sababu tu ya kuona aibu kuwachelewesha walio nyuma yake).

Siku, nilimpa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nne. Jumapili yake baba alikuwa amepiga simu, na sikutaka kumuua siku niliyomsikia sauti, nikaona huo utakuwa uongo uliopitiliza. Mahali, Kibaigwa. Kwenye sababu nikakwama. Malaria niliona inafanana na uongo, ajali ya gari ingehitaji polisi. Nikiwa nimesimama hapo nikaona kitu, sijui nikieleze vipi: nikaona vumbi jeupe la mahindi juani, rundo la magunia limeinama upande mmoja kama mtu anayesinzia, na kando yake kandambili moja ya buluu, ya mguu wa kushoto, peke yake. Nikasema aliangukiwa na magunia. Ya kandambili sikumwambia, haikuwa na sehemu kwenye fomu.

Kesho yake karatasi ilikuwa tayari. Ipyana aliitoa kwenye mashine ya kuchapia akanipa mkononi, na ilikuwa bado ina joto, joto lile la mwili, nikataka kuiachia. Akaniambia, "Pole," akacheka kidogo, halafu akaita mwingine.

Tangu hapo vitu vikawa haviko sawa. Nikijaribu kuikumbuka sura ya baba, inakuja ile karatasi, yenye muhuri pale palipopaswa kuwa na macho. Simu ya mama ikiita nashtuka. Na mama mwenyewe, ambaye hakuwa anajua lolote (fomu aliisaini kama mdhamini bila kuisoma, maana aliniamini), Jumapili moja saa kumi jioni aliacha kupanga nyanya, akaniuliza kama nasikia harufu ya mahindi mabichi. Nikamwambia sisikii. Nilikuwa naisikia.

Mkopo ukatoka, tena wote, ada na chakula na malazi. Nikaingia chuo mwezi wa kumi na moja kwa viatu vipya. Nilianza kusahau. Ungeniona ungesema huyu binti hana deni na mtu.

Wiki ya tatu wakabandika ukutani orodha ya wanafunzi ambao viambatanisho vyao havisomeki, na jina langu likawemo, eti cheti cha kifo kimefifia. Wengine wote vyeti vyao vilikuwa vimepinda au vimekatwa pembeni, changu ndicho kilichokuwa kimefifia, kama kilikuwa kinajifuta chenyewe. Kiongozi wa darasa letu, Baraka, kijana mwema kupita kiasi (watu wema kupita kiasi wanaweza kukumaliza), ndiye aliyekuwa anakusanya nakala mpya. Akaipokea yangu, akaisoma, akaniangalia machozi yakiwa yanamlengalenga. Akasema, "Edina, umefiwa mwaka huu huu na umekaa nasi wiki tatu hujasema?"

Hapo palikuwa mahali pengine pa kusimama, na pale pia sikusimama. Nikasema sikutaka kuwasumbua. Darasa letu lilikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana, kila mtu anachangia, na mpaka siku ile haukuwa umepata kazi, kwa hiyo mimi ndiye nikawa kazi yake ya kwanza. Wakaamua Jumamosi waje nyumbani kutoa pole. Nikasema mama hatakuwepo. Wakasema watawakuta majirani. Nikasema nyumba ni ndogo. Wakasema watakaa nje. Ukishasema uongo kwa watu wenye huruma hakuna pa kutokea, kila mlango unaoufunga wanakufungulia kwa heshima.

Nikapanga hivi. Mama Jumamosi huwa anakwenda mnadani na kurudi jioni. Wenzangu watakuja saa sita, watasali, watakula kidogo, saa nane wameondoka. Mtaa hautajua. Hesabu ilikuwa nzuri, ila nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa Nzuguni analijua. Niliazima mabenchi mawili kwa Mama Zuhura, jirani yetu, nikatandika mkeka, nikainjika sufuria kubwa la maharage uani juu ya mafiga matatu. Ukitoa mabenchi nje na ukawasha moto wa sufuria kubwa asubuhi, na hakuna harusi, mtaani kwetu hakuna anayeuliza. Watu wanakuja.

Mama Zuhura alikuja wa kwanza, amejifunga khanga kiunoni, na sembe kwenye ndoo. Aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Nilitaka kusema hakuna mtu, nikasikia kinywa changu kinasema baba. Akaweka ndoo chini, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kulia, na nyumba ya pili wakaitikia, na ya tatu, na kabla basi dogo la wanafunzi halijafika, uwanja wetu ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa mtaa akaja na turubai na daftari la rambirambi. Mabenchi yakaongezeka yenyewe, sikuona yanatoka wapi. Wanaume upande wa mti wa mwarobaini, wanawake mkekani, na vijana wawili nisiowajua wakaja kuniuliza kaburi litachimbwa wapi na kwa nini mwili haujafika. Nikajibu alishazikwa Kibaigwa, wakasema aa, basi hii ni tanga, wakakaa.

Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, halafu upepo ukakata. Mnaokaa Dodoma mnajua, mwezi ule kabla ya mvua upepo haukati, unapuliza vumbi kutwa nzima mpaka kwenye chai. Siku ile ulikata. Turubai likatulia, moshi wa mafiga ukapanda juu wima, na akina mama wazee wakaanza kulia kwa Kigogo, ule wimbo wa taratibu wa kumwita mtu kwa jina arudi aseme alichoacha. Walikuwa wanamwita Amosi. Watu wazima ishirini, thelathini, hawajawahi kumwona, wanamwita arudi. Nilijikuta nalia kweli, kamasi na kila kitu, nikiwa sijui namlilia nani, na Baraka akanishika bega akaniambia nitoe tu, nisiweke moyoni.

Wakati fulani katika kuita huko mtu mmoja aliingia kupitia kwenye michongoma. Mwembamba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, ndevu nyeupe zisizochanwa, fimbo mkono wa kulia, mfuko wa salfeti begani. Alisimama akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakamwitikia, akasogezewa nafasi mwisho wa benchi. Baadaye mwenyekiti ndiye aliyetuambia: huyo mgeni alikuwa ameuliza barabarani kwa Mama Edina ni wapi, akaelekezwa afuate watu, pale penye msiba. Akamuuliza mwenyekiti nani amefariki. Akatajiwa. Akaomba kalamu, akaandika kwenye daftari, akatoa bahasha kwenye mfuko na kuiweka ndani ya bakuli pamoja na hela za wengine.

Chakula kikaiva. Na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa marehemu na ndiye binti wa nyumba, ilikuwa kazi yangu kuzunguka na birika na beseni kuwanawisha wageni. Nilianza na wazee, nikapita kwa wanafunzi, nikafika mwisho wa benchi. Nikapiga goti, nikasema karibu unawe, nikamimina. Mikono ikaja chini ya maji, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Ncha ile ilibaki kwenye mashine ya kukoboa kule kijijini nikiwa darasa la pili, mimi ndiye niliyekimbia kuita watu. Niliendelea kumimina. Maji yakajaa beseni, yakamwagika magotini kwangu, na mikono ile ikabaki pale pale inanawa taratibu, inanawa na vilivyokwisha kutakata.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Asante," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu. Nimelifikiria mara nyingi sana, maneno yote yaliyopo duniani, na mimi nikasema asante. Nilirudi uani, nikajificha nyuma ya sufuria nikichungulia, na nilimwona akipokea sahani, akimega ugali, akila. Alikula chakula cha msiba wake polepole, kama mtu aliyetembea mbali.

Baraka akasimama kusoma wasifu wa marehemu, ambao alikuwa ameuandika mwenyewe kwa kufuata cheti. Jina, mahali alikozaliwa, na kwamba Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nne, akiwa kazini soko la Kibaigwa, aliangukiwa na magunia ya mahindi, na kwamba alikuwa baba aliyeipenda sana elimu. Yule mtu akaacha kutafuna. Akamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti, akiwa na furaha ya mtu aliyepata cha kuupamba msiba, akatangaza kwamba tumebahatika kuwa na mgeni aliyekuwepo siku yenyewe, na asimame atuambie mawili matatu.

Alisimama kwa tabu, akiegemea fimbo, na alizungumza akiangalia chini.

"Ni kweli yalimwangukia," akasema. "Jumatatu asubuhi. Magunia saba. Alilazwa miezi miwili Kongwa, mguu na kiuno. Simu ilisagika, na namba ya mtu kichwani hakuwa nayo hata moja. Kandambili yake moja haikuonekana tena. Alikuwa anasema akipona ataomba msamaha kwa mtoto wake, ila hakujua mtoto ameshapata habari."

Wanafunzi walikuwa wanalia kwa kwikwi. Mimi nilishika ukingo wa sufuria la moto kwa mkono mtupu na sikusikia kuungua mpaka jioni. Siku ile ile. Sababu ile ile. Nilikuwa nimesimama mbele ya feni ya Ipyana, nimemkasirikia mtu kwa kunyamaza, nikamtungia kifo, na kumbe alishalala nacho kitandani.

Na hapo ndipo mama alipoingia. Mtu mwema mwingine alikuwa amempigia simu mnadani akamwambia rudi nyumbani, kuna msiba, bila kusema wa nani (watu wetu hawasemi kwenye simu), na mama akawa amepanda bodaboda akiamini aliyekufa ni mimi, kwa sababu ana nani mwingine. Aliponiona nimesimama mzima, akanikimbilia. Akina mama wakamdaka, wakamwambia ajikaze, ni mumewe, ni baba Edina. Mama akalia kilio kimoja. Nakumbuka nikiwaza, huyu mama alisema ameshamzika, mbona analia hivi. Wakamwinua kichwa wampe maji, na macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu mpaka mwisho wa benchi, yakasimama.

Hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, akanyoosha kidole. Watu wakageuka mmoja mmoja kufuata kidole chake, na wimbo ukafia njiani. Yule mgeni akavua kofia.

"Mama Edina," akasema. "Ni mimi Amosi."

Sasa nawaambieni, sijawahi kuona uwanja unamwagika namna ile. Benchi la wanaume lilianguka chali likiwa na watu. Mwenyekiti alikimbia na daftari kichwani kama ananyeshewa. Wanafunzi wa chuo, watu wanaosoma takwimu, walipita kwenye michongoma bila kutafuta njia, na Baraka alipatikana baadaye ndani ya zizi la mbuzi la Mama Zuhura akisali kwa lugha nyingi. Dereva wa basi aliondoka na abiria wawili. Mimi sikukimbia, si kwa ujasiri, nilikuwa nimeshikilia beseni. Na upepo ukarudi, ukalipandisha turubai, vumbi likafunika kila kitu, na lilipotulia mwisho wa benchi hapakuwa na mtu. Hakuna aliyemwona alikoelekea, na barabara ile imenyooka, unaona mtu mpaka anakuwa kidoti.

Watu wanarudi, mnajua. Hofu ikiisha inabaki hasira, na mwenyekiti alirudi nayo. Akanisimamisha katikati ya uwanja, mbele ya mama, mbele ya mtaa na darasa zima lenye miiba kwenye nguo, akaniuliza mara moja tu. Nikasema. Kwamba nilimwandika amekufa ili nipate mkopo. Nilidhani watanipiga, ningependa wangenipiga. Mama akaniangalia kama anajaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi.

Halafu ikaja sehemu mbaya kuliko zote, maana mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Akakaa, akafungua daftari na kuanza kurudisha rambirambi, jina kwa jina, kwa sauti, na kila aliyetajwa akaja mbele kuchukua elfu mbili yake mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyeamriwa kuwapa. Darasa langu lilikuja. Majirani walikuja. Mama Zuhura alichukua sembe iliyobaki, na ile iliyosongwa akaitazama kwa uchungu. Wengine walisema asante kwa mazoea. Mpaka likabaki jina moja, na mwenyekiti akalisoma kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekuja. Amosi Malogo. Ilikuwa bahasha imekunjwa mara nne. Juu yake pameandikwa, si kwa kalamu ya mwenyekiti bali kwa penseli iliyoanza kufutika, maneno ada ya Edina. Ndani mlikuwa na laki sita, fidia aliyopewa na mwenye magunia. Alikuwa amekuja kunilipia chuo. Alipokuta nimefiwa, akaitoa rambirambi.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mikopo kabla hawajaniita. Mama mmoja wa ofisini hakunifokea, alisikiliza hadi mwisho, akasema mkopo unasimama leo, nilichopokea nitarudisha, na nikitaka kuomba upya nilete fomu mpya iliyosainiwa na baba mzazi, aliye hai, kwa mkono wake. Akaigonga ile fomu mezani ili kurasa zikae sawa, akanipa.

Nikaenda Kibaigwa. Nilimkuta kwenye mizani, hawezi kubeba tena, anapima tu, na wenzake (habari zilishafika, malori yanabeba na maneno) walikuwa wanamwita Marehemu, Marehemu sogeza jiwe, Marehemu andika tisini, na anaitika. Nilisubiri wapungue. Nikapiga goti juu ya punje za mahindi, nikamwamkia, nikamwambia baba nimekosa, nikampa ile bahasha ya laki sita kwa mikono miwili, na fomu juu yake. Alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea fomu, akaisoma yote, akafika pale penye nafasi ya jina lake. Akaniangalia bila hasira hata kidogo, nilitafuta hasira sikuiona.

"Binti," akasema, "huyu unayemtafuta alishafariki. Mimi mwenyewe nilikuwepo msibani kwake. Nilikula." Akanirudishia fomu na bahasha, vyote viwili, akaniambia hela ya rambirambi hairudishwi kwa aliyetoa, akageukia mizani.

Ile ada ililipa muhula mmoja. Mingine nimeilipa kwa duka la vipodozi, mwaka nasoma, mwaka nauza, na naapa mbele yenu kwamba karatasi yoyote ikinijia mkononi, hata ya kadi ya kliniki, mimi najaza jina langu na kuishia hapo, mambo ya mtu mwingine aje aseme mwenyewe yupo au hayupo. Nikipata nafasi Jumamosi napanda basi la Kibaigwa. Nampelekea mlenda anaoukausha mama (mama anaufunga mwenyewe kwenye karatasi, hasemi wa nani). Nasimama mbele ya mizani na kumwamkia shikamoo baba. Ananiitikia marahaba, vizuri tu, kama anavyomwitikia mtoto wa mtu yeyote, halafu ananiuliza nina magunia mangapi ya kupima.